Menyu ya kujificha au ya wazi, fomu ndefu au swali mojamoja: lipi linamrahisishia mgeni wa tovuti yako?

Mtu akitaka tovuti ya biashara yake, iwe gesti, duka la vipuri au shule, mara nyingi mazungumzo yanaanzia kwenye rangi na logo yanaishia kwenye gharama, na yule mgeni atakayekuja kuifungua hatajwi kabisa. Na huku kwetu huyo mgeni tunamjua vizuri tu. Yuko kwenye simu, Android ya kawaida, bando lake la siku au la wiki, anafungua akiwa amesimama kwenye daladala mkono mmoja umeshika bomba, au yuko juani saa saba mchana, na kaja kutafuta kitu kimoja: bei, namba ya simu, mahali mlipo, au kama nafasi ipo. Akikipata anabaki. Asipokipata anaenda kuuliza watu WhatsApp, na wewe hutajua hata kama alikuja.

Kwahiyo hapa nalinganisha vile vitu ambavyo kila mwenye tovuti anajikuta anachagua, au fundi wake anamchagulia bila kumuuliza. Kipimo changu ni kile alichokiandika Jakob Nielsen, mtaalamu wa kufanya tovuti na programu ziwe rahisi kutumia, mwaka 1994 kwenye kanuni zake 10, kwamba mtu asilazimishwe kukumbuka wala kukisia, kitu anachokihitaji akione mbele yake. Naongezea na mawili ya huku kwetu: kinakula bando kiasi gani, na mtu akikosea au mtandao ukikata anarudije pale alipokuwa.

Menyu: mistari mitatu, ya wazi juu, au ya chini kabisa?

Ile alama ya mistari mitatu ni ya siku nyingi, aliichora Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981, yani kompyuta ya mezani kwa kazi za ofisi. Simu janja zilipokuja na vioo vyao vidogo ikaonekana ndo suluhisho, unakusanya kurasa zote unazificha pale pembeni, ukurasa unabaki msafi unapendeza. Na kweli unapendeza, hapo sibishi. Tatizo ni kwamba kilichofichwa watu hawakitafuti. Mwaka 2016 kampuni ya Nielsen Norman Group ilichukua watu 179 ikawapa kazi za kufanya kwenye tovuti 6, wakakuta menyu iliyofichwa inatumika kidogo kuliko inayoonekana na watu wanapata shida zaidi kufikia walichokuwa wanakitaka, tena kwenye simu na kwenye kompyuta kote kote.

Menyu ya wazi ni kinyume chake, maneno yanakaa juu pale, mtu anayasoma tu. Kwa gesti ya vyumba kumi na mbili una mambo gani mengi ya kuficha? Vyumba na bei, Picha, Tulipo, Weka nafasi. Manne. Yanaenea kwenye kioo cha simu yakiwa mstari mmoja au miwili, na mgeni anajua papo hapo hii tovuti ina nini. Mimi kwa biashara yenye kurasa zisizozidi tano sioni sababu hata moja ya mistari mitatu, na fundi akiniambia "ndo inavyotakiwa kwenye simu" namuuliza inatakiwa na nani.

Ya chini, kama ilivyo kwenye app, ina hoja yake nzuri. Steven Hoober, mbunifu wa app na tovuti za simu, mwaka 2013 aliangalia watu 1,333 wakiwa na simu zao mitaani, vituoni na sehemu kama hizo, na kati ya waliokuwa wanagusa kioo asilimia 49 walikuwa wanatumia mkono mmoja, kidole gumba ndo kinafanya kazi. Gumba linafika chini kirahisi kuliko juu, na simu za sasa zimerefuka hasa. WhatsApp yenyewe mwaka 2024 ikahamishia vile vichupo vya Android (batani za kuhamia kurasa zake) kutoka juu kwenda chini. Ila tovuti siyo app jamani. Tovuti inafunguka ndani ya braoza na braoza nayo ina vitu vyake, kwenye iPhone tangu 2021 braoza yake inayoitwa Safari inaweka sehemu ya anwani chini, kwahiyo ukiweka na ya kwako pale chini zinapandana, mtu anataka kubonyeza Kapu anabonyeza kitu cha Safari. Menyu ya chini naiona inafaa kwa duka ambalo mteja anarudi mara kwa mara na anaruka ruka kati ya Bidhaa, Tafuta, Kapu na Oda zangu. Kwa tovuti ambayo mtu anaifungua mara moja aone ada za shule basi, haina kazi.

Na shule zenyewe ndo kesi ngumu, maana zina kurasa nyingi kweli: masomo, ada, kalenda, matokeo, mahafali, nafasi za kazi, kila mwaka zinaongezeka. Hapo changanya. Toa nje yale matatu ambayo mzazi anayatafuta zaidi, Ada, Kujiunga, Mawasiliano, mengine yote yaingie kwenye mistari mitatu, na pembeni ya hiyo mistari andika neno Menyu kwa herufi. Kuna wazazi wengi ambao ile alama peke yake haiwaambii kitu, kwao ni pambo.

Bidhaa nyingi: kurasa zenye namba, kuskroli bila mwisho, au batani ya "Onesha zaidi"?

Kuskroli bila mwisho kumezoeleka sababu ya Instagram na TikTok, kwahiyo mwenye duka anakuja anasema nataka iwe hivyo, mtu ashuke tu vitu viendelee kuja. Sasa Instagram mtu hajaja kutafuta kitu, kaja kupitisha muda. Dukani kwako kaja kutafuta viatu vya shule namba 38. Hizo ni safari mbili tofauti.

Etsy, wale wa Marekani wanaouza vitu vya kutengeneza kwa mkono, waliijaribu mwaka 2012 kwenye utafutaji wao, na matokeo yakawa kinyume na matarajio: watu waliangalia bidhaa chache zaidi, wakabonyeza chache, wakapunguza na kununua kupitia utafutaji. Wakairudisha ya zamani. Google nao waliweka matokeo ya kuskroli mfululizo kwenye simu Oktoba 2021 na kwenye kompyuta Desemba 2022, halafu Juni 2024 wakatangaza wanaiondoa. Hao wana mainjinia wa kila aina, na bado kitu kilichoonekana kizuri kimewarudisha walikotoka.

Huku kwetu madhara yake ni makubwa zaidi na nitayataja yote maana kila moja nimeliona kwa wateja. Kwanza bando, picha zinajipakia zenyewe mtu hajaomba. Pili, mtu kashuka mpaka kiatu cha sitini, kabonyeza akiangalie, karudi nyuma, tovuti inamrudisha juu kabisa mwanzo, hapo wengi wanafunga. Tatu, namba ya simu na ramani kawaida ziko chini mwisho wa ukurasa, sasa kama ukurasa hauna mwisho mtu anazikimbiza tu, akikaribia vitu vingine vinaingia vinazisukuma chini. Nne, hawezi kumtumia mwenzake "angalia ukurasa wa 3 kile cha bluu", na biashara za huku zinaenda kwa watu kutumiana linki.

Kurasa zenye namba hazina mvuto, zinaonekana za kizamani, ila zinamwambia mtu yuko wapi na vimebaki vingapi. Duka la vipuri, dawa, vitabu, chochote ambacho mtu analinganisha na kurudia, weka kurasa. Kwa nguo na mapambo ambapo mtu anapenda kuchungulia, "Onesha zaidi" ndo chaguo langu, inapakia pale tu mtu akiomba, mwisho wa ukurasa unafikika, na ukiandika juu yake "Umeona 24 kati ya 130" mtu anaamua mwenyewe kama aendelee. Hakikisha tu akirudi nyuma anarudishwa alipokuwa, hilo mwambie fundi mapema kabla hajaanza maana baadae atasema ni kazi kubwa.

Fomu: ndefu ya ukurasa mmoja au swali mojamoja?

Hapa nitakaa kidogo, maana kwenye fomu ndo hela inapotelea. Mtu kashaamua, kashapenda, anajaza, halafu anaishia katikati.

Fomu ndefu ina faida yake, mtu anaona yote yanayotakiwa kabla hajaanza, anajua aende kutafuta kitambulisho au namba ya NIDA kwanza. Na kwa mtu wa ofisini anayejaza kila siku kwenye kompyuta ni ya haraka kuliko kubonyeza Endelea, Endelea, Endelea. Ila kwenye simu fomu ya viboksi ishirini inatisha. Kibaya zaidi ni pale makosa yanapooneshwa mwisho, umeshabonyeza Tuma, inakurudisha juu na maandishi mekundu "kuna makosa kwenye fomu", kosa lenyewe liko wapi utajua mwenyewe.

Njia ya swali mojamoja, watu wa serikali ya Uingereza wanaotengeneza GOV.UK wameishikilia kama utaratibu wao, ukurasa mmoja jambo moja, halafu mwisho unaoneshwa majibu yako yote uyahakiki kabla ya kutuma. Watu wakisikia hivyo wanaona ni kitu cha Ulaya, wakati sisi tumekizoea muda mrefu kabla ya wengi wetu kushika simu janja. Ukipiga *150*00# unaulizwa nini? Unachagua huduma, unaandika namba, unaandika kiasi, unaweka namba ya siri, inakuonesha jina la unayemtumia, ndo unathibitisha. Swali moja kwa wakati mmoja, na jina linakuja mwisho ili usitume kwa mtu baki. M-Pesa iko Tanzania tangu 2008, mamilioni ya watu ambao hawajawahi kujaza fomu kwenye kompyuta wanajua mtiririko huo kama wanavyojua njia ya kwao. Mimi naona ni kupoteza kitu cha bure kabisa ukimwekea mtu huyo huyo fomu ya viboksi ishirini.

Kitu kimoja tu cha USSD, yani hizo menyu za kupiga nyota na reli, usikichukue, ule muda wa kukatika. Pale mtandao wa simu ndo unakata, ila tovuti haina lazima ya kumtupa mtu nje sababu alienda kutafuta cheti cha kuzaliwa kabatini. Hifadhi alichokwisha jaza. Umeme ukikata, simu ikizima, bando likiisha, akirudi akute majibu yake.

Kwahiyo uchague vipi? Viboksi vikiwa vitano au sita na vinamhusu kila mtu, weka ukurasa mmoja yaishe. Jina, simu, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, watu wangapi, hiyo ni gesti, usimzungushe mtu kurasa tano. Vikizidi hapo, au kama maswali yanategemeana (akisema mtoto anahama kutoka shule nyingine ndo umuulize shule gani), nenda swali mojamoja, na juu uandike hatua ya ngapi kati ya ngapi, na kabla ya swali la kwanza kabisa utaje anachotakiwa kuwa nacho mkononi. Hapo unakuwa umechukua na ule uzuri wa fomu ndefu.

Ndani ya fomu kuna vijichaguo vingine ambavyo fundi anavipitia haraka haraka. Jina la kiboksi likae juu yake au ndani yake kwa maandishi ya kijivu? Juu. Ya ndani yanapendeza ila mtu akianza kuandika yanapotea, akiitwa na kondakta akirudi hajui hapa alikuwa anaandika namba yake au ya mdhamini. Tarehe ya kuzaliwa achague kwenye kalenda au aandike? Aandike, viboksi vitatu, siku mwezi mwaka, maana mtu wa mwaka 1968 kurudi nyuma kwenye kalenda mwezi mmoja mmoja ni adhabu. Kalenda iache kwa tarehe za karibu kama za kulala hotelini. Sehemu ya namba ya simu ifungue kibodi ya namba, siyo ya herufi, hilo ni neno moja tu kwenye msimbo (code) anaouandika fundi. Na pokea namba mtu anavyoiandika, aanze na 07, aanze na 255, aweke alama ya kujumlisha, aweke nafasi katikati, kompyuta ndo ipange, kazi ya kompyuta ni hiyo. Unamwambia mtu "namba si sahihi" wakati ndo namba yake aliyonayo miaka yote, anajisikiaje? Alafu kwenye iPhone maandishi ya kwenye kiboksi yakiwa chini ya pikseli 16 Safari inavuta ukurasa wenyewe unakuwa mkubwa, mtu anabaki anausogeza kulia kushoto, kwahiyo 16 usishuke hapo.

Kununua: afungue akaunti kwanza au anunue kama mgeni?

Jared Spool, mtaalamu mwingine wa urahisi wa tovuti, alieleza mwaka 2009 kisa cha duka moja kubwa la mtandaoni la Marekani ambalo lilikuwa linamzuia mnunuzi kwa ukurasa wa kuingia au kujisajili kabla ya kulipa. Waliondoa batani ya Kujisajili wakaweka Endelea, na maelezo mafupi kwamba huhitaji akaunti ili kununua. Wanunuzi wakaongezeka kwa asilimia 45, na mwaka wa kwanza dola milioni 300 zaidi. Na wale wa zamani wenye akaunti nao walikuwa wanakwama, hawakumbuki walijisajili kwa imeili ipi.

Hiyo ni Marekani ambako kila mtu ana imeili anayoitumia kila siku. Hapa kwetu imeili ya wengi ilifunguliwa na kijana wa dukani siku simu iliponunuliwa, nywila yenyewe hajawahi kuijua. Kumlazimisha huyo athibitishe akaunti kwa linki iliyotumwa kwenye imeili ni kumfukuza. Akaunti ina faida, oda zake zinakaa, anwani haandiki upya, na kwa mteja wa kila wiki inasaidia sana, ila mpe chaguo hilo baada ya kulipa, siyo kabla. Na kama lazima umtambue, tumia namba ya simu na meseji ya tarakimu. Namba ya simu kila mtu anaijua kwa kichwa.

Mawasiliano: fomu ya imeili, batani ya WhatsApp, au namba ya kupiga?

Fomu za "Wasiliana nasi" nyingi zinaenda kwenye imeili ambayo hakuna anayeifungua. Kama na wewe ni hivyo, itoe kabisa, maana mtu akituma akakaa anasubiri ni vibaya kuliko kama isingekuwepo. WhatsApp inashinda kwa biashara ndogo karibu zote za huku, watu wanaijua, wanatuma picha ya kitu wanachotaka, na majibu yanabaki kwenye simu yao. Linki yake ni wa.me halafu mkwaju (/) na namba ikianza na 255 bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele, wengi wanaikosea hapo halafu batani inakuwa imekufa miezi hawajui. Namba ya kawaida nayo iwe ya kubonyeza ikapiga moja kwa moja, siyo namba iliyochorwa ndani ya picha ya bango ambayo mtu hawezi kukopi. Fomu ibaki kwa wanaohitaji maombi ya maandishi, tenda, vikundi vya watalii, wageni wa nje.

Ila ile batani ya kijani ya WhatsApp inayoelea pembeni, angalia inafunika nini. Kwenye simu ndogo mara nyingi inakalia kabisa batani ya kulipa au bei.

Bei: iandikwe au "tupigie"?

Najua sababu za wafanyabiashara, wapinzani wataiona, bei zinabadilika, mteja akipiga tunaweza kumshawishi. Nazielewa. Lakini kwa mgeni, tovuti isiyo na bei ni kazi ambayo haijaisha, inabidi apige, atumie salio, aongee na mtu asiyemjua, halafu aseme "nitarudi" kwa aibu kama bei imemzidi. Wengi hawapigi. Wanaenda kwa aliyeandika. Kama bei inabadilika andika "kuanzia" na kiasi, na tarehe uliyoisasisha. Kama ni ya kila mtu na kazi yake, mfano kuchomelea mageti, weka mifano miwili mitatu ya kazi zilizofanyika na zilivyogharimu. Mtu anapata pa kuanzia hata kabla hajakupigia, na anayepiga baada ya hapo ni mnunuzi kweli.

Taarifa: PDF au maandishi ya kawaida kwenye ukurasa?

Shule na ofisi zinapenda PDF kwasababu barua tayari ipo kwenye Word, unaigeuza unapakia umemaliza. Kwa mwenye tovuti ni rahisi, kwa mgeni ni mzigo: anapakua, inakaa kwenye simu iliyojaa, inafunguka maandishi madogo ya karatasi ya A4, anavuta kwa vidole viwili anasogeza kulia kusoma mstari mmoja, anarudi kushoto. Na ikiwa ni karatasi iliyopigwa picha tu, haitafutiki na msaidizi wa kusoma kwa sauti wa mtu asiyeona haupati hata neno. PDF ina sehemu yake, fomu ya kuprinti na kugongewa muhuri, maelekezo ambayo mzazi ataenda nayo dukani kununua vifaa. Ada iandike kwenye ukurasa, PDF iwe chini yake, na uandike ina ukubwa wa MB ngapi ili mtu aamue kama bando linatosha.

Picha ya juu: zinazopishana au moja tuli?

Moja. Erik Runyon wa chuo kikuu cha Notre Dame alipima mwaka 2013 kwenye tovuti ya chuo chake, waliobonyeza zile picha zinazopishana ni kama asilimia 1 tu ya wageni, na wengi mno kati yao walibonyeza ile ya kwanza. Kwahiyo picha ya tatu na ya nne unazilipia wewe kwa kutengeneza na mgeni kwa bando lake, na hakuna anayezitazama. Hiyo moja ihifadhi kwa aina ya faili la picha inayoitwa WebP badala ya JPEG, Google walioitoa mwaka 2010 wanasema inapungua asilimia 25 mpaka 34 kwa ubora ule ule.

Maandishi ya kijivu au meusi, batani ndogo au kubwa?

Kijivu chepesi juu ya nyeupe kwenye laptopu ya mbunifu ndani ya chumba chenye kiyoyozi kinasomeka. Juani Kariakoo hakisomeki. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, wa kufanya tovuti itumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, unataka tofauti ya 4.5 kwa 1 kati ya maandishi na kilicho nyuma yake, kuna vipimo vya bure mtandaoni unaweka rangi mbili vinakujibu. Toleo lake la Oktoba 2023 linataka kitu cha kubonyeza kisipungue pikseli 24 kwa 24, lakini hiyo ni kima cha chini kabisa, Apple wanasema 44 na Google kwa Android wanasema 48, mimi nafuata hao. Dole gumba la fundi gereji siyo mshale wa kipanya.

Lugha: tovuti ijichagulie au mtu achague?

Achague. Kujichagulia kwa kuangalia mgeni yuko nchi gani kunakosea sana, Mtanzania yuko Muscat analetewa Kiarabu, Mjerumani yuko Zanzibar analetewa Kiswahili. Weka maneno mawili juu, Kiswahili na English, bila bendera, maana Kiswahili utaweka bendera ipi, ya Tanzania, ya Kenya au ya Kongo? Na mtu akibadili lugha abaki kwenye ukurasa ule ule aliokuwa anausoma, asirudishwe mwanzo.

Kujua kama umechagua vizuri: uwaulize watu au uwatazame?

Ukiwauliza "tovuti unaionaje" watakwambia nzuri, hongera sana, hasa kama ni ndugu au wafanyakazi wako. Ni heshima, wala hawadanganyi. Kuwatazama ndo kunakupa majibu, na siyo gharama. Tafuta watu watano ambao siyo wa biashara yako, Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watano wanatosha kukuonesha matatizo mengi, kila mmoja kwa wakati wake, kwenye simu yake mwenyewe na bando utakalomwekea wewe, umpe kazi ya kweli: "tafuta chumba cha watu wawili Ijumaa ni shilingi ngapi halafu ujaribu kukishika." Halafu unyamaze. Hapo ndo pagumu, maana utatamani kumwambia "bonyeza hapo juu", usimwambie, acha ahangaike, uone anaangalia wapi kwanza, anabonyeza nini ambacho hakibonyezeki, anarudi nyuma mara ngapi. Usimuulize kwanini mpaka amalize. Sehemu ambayo wawili kati yao wamekwama pale pale, ianze hiyo kurekebishwa kabla ya kugusa rangi au logo, halafu uwaite wengine watano.